Chora Kitanda Kabla ya Kuta

(Hotuba kwa wanakikundi cha kuweka na kukopa wanaojenga nyumba zao, Kigamboni, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina wetu ambaye bila saini yake hakuna tofali linalonunuliwa hapa, mafundi mliokubali kuacha kazi siku ya Jumamosi, kina mama, kina baba na vijana. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimeombwa niongee kuhusu kupanga samani kwenye nyumba mpya. Najua wengine mlipoisikia mada mlidhani nakuja kuzungumzia rangi za mapazia na mito ya sofa. Hayo kila mtu ana macho yake, mimi simo. Nimekuja kuongea na wale ambao msingi bado haujachimbwa, na wale ambao jamvi limemwagwa lakini kuta hazijapanda, kwa sababu samani zinapangwa hapo. Ukisubiri rangi ikauke ndipo uanze kupanga, utakachofanya ni kusukuma makochi huku na huku mpaka mgongo ukatae, halafu uyaache pale yalipogotea.

Mimi nilianza na useremala, kuchora ramani nimejifunza baadaye. Ndiyo maana mteja akija na kiwanja chake, kabla sijamuuliza anataka vyumba vingapi, namuuliza kitanda chake ni saizi gani. Wengi wanashangaa. Anajua anataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo, choo cha wageni. Bati anazijua mpaka geji. Ukimuuliza kitanda anajibu, "Cha kawaida tu."

Ndugu zangu, kitanda cha kawaida hakipo. Kuna cha tatu na nusu kwa sita, kuna nne kwa sita, tano kwa sita, na sita kwa sita. Hizo ni futi, na ni saizi ya godoro, si ya kitanda. Na hapa ndipo hesabu za nyumba zetu zinapoanza kupotea. Ramani imeandikwa kwa mita, godoro linauzwa kwa futi, tofali tunaliita kwa inchi. Mwenye nyumba anapokaa chini kuangalia ile karatasi anaona "3.5 kwa 3" anasema hapo kitanda kinaingia na kabati linaingia. Kinaingia wapi? Tupige hesabu pamoja, mwenye simu afungue kikokotoo.

Futi moja ni sentimita 30 na nusu hivi. Godoro la sita kwa sita ni sentimita 183 kila upande. Weka mbavu za kitanda kushoto na kulia, weka kichwa cha kitanda, weka ubao wa miguuni. Kitanda cha mninga chenye kichwa cha heshima, vile vinavyotengenezwa pale Keko, hakipungui mita 1.95 kwa 2.05. Vingine vinazidi. Sasa njoo kwenye chumba. Wachoraji wengi huandika vipimo kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili. Ukuta wa tofali la inchi 6 ni sentimita 15, kwa hiyo nusu ukuta huku na nusu ukuta kule zimekwenda na sentimita 15 zako. Chumba cha 3.5 kwa 3 kimekuwa 3.35 kwa 2.85. Halafu anakuja fundi na lipu. Sentimita mbili huku, mbili kule, na fundi ambaye ukuta wake umepinda ataweka tatu ili aufiche. Tuseme mbili. Umebaki na 3.31 kwa 2.81. Hujaingiza hata kijiko.

Weka kitanda, kichwa kikiwa kwenye ukuta wa 2.81. Toa 1.95. Zimebaki sentimita 86, ukizigawa pande mbili unapata 43 kila upande. Mtu mzima anahitaji kama 60 kupita bila kwenda kiupande-upande. Miguuni umebaki na 1.26. Kabati la nguo linahitaji kina cha sentimita 60, kwa sababu henga yenye koti ndani yake ina upana wake na mlango wa kabati nao lazima ufunge. Ukiliweka kabati miguuni, kati ya kabati na kitanda kuna sentimita 66. Mlango wa kabati wenye upana wa 50 ukifunguka wote, wewe unabaki na 16 za kusimama. Hapo ndipo utamwona mtu anavaa suruali amekaa juu ya kitanda, kila asubuhi, na nyumba ni yake mwenyewe, hapangi kwa mtu.

Chumba hichohicho, weka godoro la tano kwa sita. Kitanda kinakuwa kama mita 1.65 kwa upana, na kila upande unapata sentimita 58. Chagua kabati la milango ya kuteleza, zile 66 za miguuni zinatosha. Hakuna tofali lililoongezwa. Au kama roho yako iko kwenye sita kwa sita, na sikulaumu, umefanya kazi ngumu maishani, basi mwambie mchoraji akusogezee ukuta sentimita 40 sasa hivi wakati ukuta ni mstari wa penseli.

Ninachowaomba leo ni hicho. Usipime chumba kwa kuta zake. Kipime kwa nafasi inayobaki kitanda, kabati na mlango vikishakaa. Kipimo cha kuta ni cha fundi mwashi, ndicho anachokulipisha. Kilichobaki katikati ndicho utakachoishi ndani yake.

Na jambo hili si geni kwetu. Nendeni Lamu, au Mji Mkongwe kule Unguja, muingie kwenye zile nyumba za mawe. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo bila kulegea. Wazee hawakulalamika, walipanga maisha kufuata boriti. Kitanda kikawekwa mwisho wa chumba, nyuma ya pazia, ili katikati pabaki wazi. Vyombo vya thamani vikaingizwa ndani ya unene wa ukuta kwenye zile zidaka, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kabati linalosimama katikati ya njia. Ukuta wa mawe na chokaa una unene unaoweza kuchimbwa. Wa kwetu wa inchi 6 hauchimbiki hivyo, lakini wazo lile bado ni zuri: kama unajua kabati litakaa wapi, unaweza kurudisha ukuta nyuma sentimita 65 pale kati ya vyumba viwili, kabati la chumba hiki likachukua nusu ya urefu, la chumba cha pili likachukua nusu nyingine. Milango ya kabati inabaki sambamba na ukuta, na chumba kinabaki mraba.

Sasa twende sebuleni, maana hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Seti ya sofa inayopendwa ni ile ya 3-2-1-1. La watu watatu lina urefu wa kama mita 2.1, la wawili 1.6, na yale mawili ya mtu mmoja ni mita moja moja. Jumla 5.7. Mtu ana sebule ya 4 kwa 4.5, anajumlisha kuta zote nne anapata mita 17, anasema pana nafasi ya kumwaga. Haya, toa mlango wa mbele. Toa mlango wa korido. Toa uwazi wa kwenda dainingi. Toa mlango wa jiko, maana mchoraji alisema ni vizuri jiko liwe karibu. Milango minne ya sentimita 90 imekula mita 3.6. Toa kabati la televisheni, mita 1.8. Bado zimebaki 11.6, na sofa zinataka 5.7 tu. Kwa nini basi hazikai?

Kwa sababu zile mita zimekatwakatwa. Hapa kuna 1.2 kati ya mlango na pembe, pale kuna 0.9, kule 1.5 halafu mlango tena. Sofa la watu watatu halitaki mita kumi na moja za vipandevipande, linataka 2.1 za mfululizo, na nyuma yake ukuta mtupu. Sebule yenye mlango kwenye kila ukuta ni njia panda. Mgeni amekaa, mtoto anapita mbele yake kwenda jikoni, msichana anapita na ndoo, baba anapita na taulo kutoka kuoga. Hapo hata kama umeweka sofa la ngozi, ni stendi.

Dawa yake ni ndogo na haigharimu kitu ikiwa kwenye karatasi. Kusanya milango upande mmoja. Mlango wa mbele na mlango wa korido viwe kwenye pembe zinazokaribiana, ili mtu akiingia apite pembeni, asikate chumba katikati. Mlango wa jiko utokee dainingi, usitokee sebuleni. Ukifanya hivyo, kuta mbili zinabaki nzima, na kuta mbili nzima zinatosha sofa zote. Acha sentimita 90 kwa njia ya kupita. Kati ya sofa na ile meza ndogo ya katikati acha 40 hadi 45, mkono ufikie kikombe na goti lisigonge.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu vya usanifu havilisemi, lakini kila aliye hapa analijua. Sebule yetu lazima iweze kutolewa vitu vyote ndani ya saa moja. Msiba haupigi hodi. Ukitokea, wanaume wako nje kwenye turubai, kina mama wako ndani wamekaa chini kwenye mikeka, na sofa zinatakiwa zitoke. Zitoke na kwenda wapi? Nimeona nyumba ambayo sofa la pembe liliingizwa kabla mlango wa grili haujafungwa, baada ya hapo halikutoka tena. Siku ya arobaini ya mzee, watu wamekaa wamebanana kulizunguka kama gari bovu. Kwa hiyo ukienda kuagiza sofa, muulize fundi kina chake ni kiasi gani na linaachana vipande vingapi. Kisha pima uwazi wa mlango wako, na usipime fremu kwa nje, pima pale mlango ukishafunguka, pamoja na ule unene wa ubao unaobaki ndani. Mlango wa sentimita 90 ukifunguliwa unaweza kukupa 80 na kidogo tu.

Korido nayo. Naona ramani zinapita na korido ya mita moja kutoka katikati ya ukuta hadi katikati. Toa ukuta, toa lipu, umebaki na sentimita 81. Kitanda utakifungua vipande, sawa. Friji huifungui vipande. Kabati la nguo lililopigwa gundi hulifungui. Na kukata kona kwenye korido ya 81 ukiwa na godoro la inchi kumi, mtauliza majirani. Mita 1.2 safi, baada ya lipu, ndiyo korido. Zaidi ya hapo ni kupoteza eneo, chini ya hapo ni adhabu.

Nirudi chumbani kidogo kwa sababu kuna vita ambayo naiona karibu kila nyumba ninayoitwa kuikagua. Ni vita ya pangaboi na chandarua. Fundi umeme anatafuta katikati ya dari, anatoboa, anafunga pangaboi. Hakuuliza kitanda kitakaa wapi, na wewe hukumwambia. Kitanda kikija, kinakaa chini ya pangaboi. Chandarua kinataka kuning'inia palepale. Ukifunga chandarua, upepo hauingii vizuri, na kile cha duara hakina ndoano ya kukishika kwa sababu mahali pake pamekaliwa na panga. Ukiacha chandarua, karibu malaria. Watu wanaishia kufunga kamba kutoka kwenye grili ya dirisha hadi kwenye msumari wa juu ya mlango.

Tukae tukubaliane hivi: kwenye ramani chora kitanda, halafu weka alama ya ndoano za chandarua juu yake, nne kama ni cha pembe nne, kabla dari ya jipsamu haijafungwa, ili seremala aweke kipande cha mbao pale juu cha kushikia. Jipsamu peke yake haishiki kitu. Kisha pangaboi lisogee kuelekea miguuni, au lifungwe feni ya ukutani inayopuliza kwa ubavu. Na chumba cha watoto chenye kitanda cha deka kisiwe na pangaboi kabisa. Mtoto akisimama juu ya godoro la juu, panga liko usawa wa kichwa. Hilo naomba mlichukulie kwa uzito wake.

Kuhusu jua. Dar es Salaam tuko karibu na ikweta, jua la kutusumbua linatoka mashariki na kuzama magharibi. Ukuta wa magharibi wa tofali la saruji unapigwa kuanzia saa nane mchana mpaka jioni, unabeba lile joto, na unakuja kulitoa ndani wakati wewe umelala. Usiweke kichwa cha kitanda kwenye ukuta huo. Weka kabati huko, nguo hazitoki jasho. Dirisha nalo: kizingiti chake cha chini kwa kawaida kiko kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Kichwa cha kitanda chenye mapambo kinaweza kufika mita 1.2 au 1.3. Ukikiweka chini ya dirisha umefunga theluthi ya chini ya upepo wako, hasa ule wa kusi ambao hapa Kigamboni tunaupata bure. Kama ni lazima kitanda kikae dirishani, agiza kichwa kifupi.

Kwa sisi Waislamu, nyongeza moja ndogo. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa hiyo qibla yetu ni kaskazini. Kama hupendi sinki la choo lielekee qibla wala kuipa mgongo, basi liangalie mashariki au magharibi. Hili liseme kabla bomba la maji machafu halijalazwa, kwa sababu fundi bomba anafuata njia fupi kwenda kwenye shimo, hafuati dira. Na chumbani acha mahali pa mswala. Ni kama sentimita 70 kwa 110, pamoja na nafasi ya kusujudu bila kugonga kitasa cha kabati. Watu wanajenga nyumba ya vyumba vinne halafu wanaswali kwenye korido.

Jiko. Hapa nitakaa kidogo, na kina baba msiondoke.

Kuna msanifu mmoja Mjerumani, Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Frankfurt kuanzia mwaka 1925. Kwenye timu yake alikuwapo mwanamke kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, na mwaka 1926 mama huyu akasanifu jiko la kupachikwa kwenye zile nyumba. Alipima kazi za jikoni kwa saa, hatua ngapi kutoka kwenye moto hadi kwenye maji, kutoka maji hadi kabatini. Kikatoka chumba cha kama mita 1.9 kwa 3.4 tu, kila kitu mkono unakifikia. Yalijengwa kama 10,000. Makabati ya jikoni yanayouzwa leo madukani mjini, yale ya kupanga ukutani, ukoo wake unarudi kule. Na huyu Ernst May mwenyewe, mambo yalipoharibika Ulaya, miaka ya 1930 alikuja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, baadaye akafanya usanifu Nairobi na Kampala. Nawaambia haya msije mkadhani kupima jiko ni anasa ya juzi.

Lakini jiko lile lilikuwa na kasoro yake, na wakosoaji waliisema: lilimtosha mtu mmoja. Sasa nani hapa anapika peke yake siku ya Idi? Jiko letu lina mama, lina wifi, lina binti anayekuna nazi, na bibi kwenye stuli anatoa maelekezo. Kwa hiyo chukueni akili ya kupima, msichukue vile vipimo vyake. Kaunta iwe na kina cha sentimita 60. Kimo chake kisiwe cha fundi. Wengi wanajenga 90 kwa sababu fundi amezoea 90. Asimame mwenye kupika, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15. Mama mfupi anaweza kutoka na 82, na bega lake litakushukuru. Kati ya kaunta na kaunta, kama zinatazamana, acha mita 1.2, watu wawili wapishane na sufuria ya moto. Sinki, moto na friji viwe karibu lakini visigusane, na hasa friji isikae ubavuni mwa jiko la moto, itapambana na joto hilo usiku na mchana na luku utaiona inavyokimbia. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, bomba lipite ukutani. Tundu la bomba hilo lichorwe kwenye ramani.

Halafu kinu. Tafadhali. Hakuna ramani yenye kinu. Kinu na mchi vinataka mahali pa kusimama na kuinua mikono, na sakafu isiyo ya marumaru, kwa sababu marumaru zitapasuka moja baada ya nyingine na mtamlaumu fundi. Mbuzi ya kukunia nazi inataka mtu akae chini miguu imenyooka au imekunjwa upande. Vyote hivyo ni vya kibaraza cha uani, chenye sakafu ya saruji, kivuli, na mlango unaofunguka moja kwa moja kutoka jikoni. Mita 1.5 kwa 3 zinatosha. Jiko la mkaa la kuchemshia maharage nalo litakaa huko, moshi usije dainingi.

Dainingi sitaikalia sana. Kila mtu mezani sentimita 60 za upana. Nyuma ya kiti, kutoka ukingo wa meza hadi ukutani, 75 kama hakuna anayepita, 90 kama kuna anayepita. Kwa hiyo meza ya watu sita ya mita 1.5 kwa 0.9 inataka chumba cha karibu mita 3.3 kwa 2.7 ndani, watu wakizunguka pande zote. Kama huna nafasi hiyo, usijenge dainingi, weka meza sehemu ya sebule na uachane na jina. Nyumba nyingi dainingi imekuwa mahali pa kuanikia nguo za kupiga pasi.

Umeme. Ukishachora samani, fundi umeme anapata kazi rahisi. Soketi mbili pande zote za kitanda, kimo cha juu kidogo ya kimeza cha pembeni, ndipo simu zinapochajiwa. Swichi ya taa moja mlangoni na nyingine kitandani. Swichi ya mlangoni iwe upande wa kitasa, siyo nyuma ya mlango. Soketi ya televisheni iwe usawa wa televisheni, na televisheni isitazamane na dirisha, utakuwa unajiangalia mwenyewe. Haya yote yanapita kwenye mapaipu yanayochimbiwa ukutani kabla ya lipu. Baada ya lipu yanaitwa kupasua ukuta, na bei yake siyo hii.

Sasa kuna wenzetu hapa ambao boma limeshasimama, wamenitazama kwa huzuni tangu nianze. Msikate tamaa, kuna mnachoweza. Kuta za ndani zisizobeba paa zinaweza kuongezewa uwazi, lakini muulizeni fundi mwashi na mwenye ramani kwanza, msianze na nyundo. Mlango ambao fremu haijawekwa unaweza kugeuzwa upande wa kufungukia, na hiyo peke yake inaweza kukurudishia ukuta mzima. Mlango unaofungukia pembe unataka angalau sentimita 15 kutoka kwenye ukuta wa pembeni. Ukitaka kabati nyuma yake, acha 65. Dirisha likishajengwa usilisogeze, badilisha kitanda.

Na fanyeni hivi jioni yoyote mkienda saiti. Chukueni mifuko ya saruji mitupu, mna rundo lake pale. Ipasueni, iunganisheni kwa uzi, mkate kimoja saizi ya kitanda chenu pamoja na mbavu zake, kingine saizi ya kabati, kingine sofa la watu watatu. Mvitandaze ndani ya boma, mvikandamize kwa mawe upepo usivichukue. Halafu mpite. Mke alale upande wake aamke gizani aende chooni. Baba afungue kabati ambalo halipo. Mmoja abebe ndoo apite sebuleni na mwingine akiwa amekaa juu ya tofali na miguu ameinyoosha. Mtaona watu wa barabarani wanawashangaa, waacheni. Kwa wale ambao hawajaanza, fanyeni hivyohivyo juu ya ardhi tupu, kamba za fundi zikiwa zimefungwa kwenye vigingi na chokaa imemwagwa, kabla jembe la kwanza halijapigwa. Kuhamisha kigingi siku hiyo ni dakika tano.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, nauona mkono wako. Waliokuja na ramani wasogee kwenye meza ile ya dirishani. Nina tepu mbili na penseli, tutaanza na chumba cha masta cha kila mmoja, na tafadhali kila mtu aje akiwa anajua saizi ya godoro lake.